Fundo la Mchinjaji

Alikuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Nakuru wanaomtaja siku hizi wameanza kumfanya walii, na yeye mwenyewe angelisikia hilo angecheka mpaka akohoe. Alidanganya umri wake. Alidanganya kwenye dama, akisogeza kete zako kwa kidole kidogo huku akikuonyesha treni inayopita. Alidanganya kuhusu simba aliyemfukuza kwenye mlima wa Longonot alipokuwa kijana. Mara ya kwanza niliyoisikia hadithi hiyo simba alikuwa mmoja, mara ya pili walikuwa wawili, na baadaye akaongezeka faru. Niliwahi kumuuliza alizaliwa wapi, akanitajia mahali. Mwaka uliofuata akanitajia pengine. Nikaacha kuuliza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Alikuwa mchinjaji wa kampuni ya kuku iliyokuwa nje kidogo ya mji, na sote tulimwita Mchinjaji. Hata mkewe alimwita hivyo mbele ya wageni. Mimi nilimjua kwanza kama watu wengine wa mjini walivyomjua, yaani bila kumwona, kwa kamba aliyoifunga kwenye miguu ya kuku. Baadaye nilipokuwa nasoma chuo kikuu Kampala, nilikuwa nikirudi kila likizo kwa wazazi wangu katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na kupata kazi ya ukarani katika kampuni ile. Ofisi ilikuwa ndogo, na kazi ilikuwa ndogo zaidi, kwa hiyo nilizoea kwenda kukaa kwenye kibanda chake nikamtazama akifanya kazi, nikamuuliza maswali. Ndiyo maana akaniita Kwa Nini. "Kwa Nini amefika," alikuwa akiwaambia wanawake wa kunyonyoa manyoya. "Ficheni akili zenu."

Kibanda chenyewe kilikuwa na ukuta wa magunia, na magunia hayo yalikuwa amri yake. Kuku aliyekuwa akingoja asimwone mwenzake anayechinjwa. Kila mmoja alipewa maji kabla ya kisu, hata siku ya baridi kali, hata kama alikuwa amekunywa muda si mrefu. Kisu alikinoa nyumbani, na kilipofika kazini kilikaa nyuma ya goti lake mpaka dakika ya mwisho.

"Kwa nini unakificha?" nilimuuliza siku moja.

"Wewe ukilazwa hospitali, daktari akunolee kisu mbele ya macho yako, utafurahi?"

"Lakini kuku hajui kisu ni nini."

"Umemuuliza?"

"Hawezi kujibu, mzee."

"Basi wewe hujui na mimi sijui. Mimi naficha."

Upole huo wote ulikuwa wa kuku. Binadamu walipata mabaki. Aliwagombeza madereva wa lori, aligombana na muuza maziwa, na kwa Mama Chebet, aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa kunyonyoa, alikuwa na maneno ya kila siku. "Mama Chebet, kuku huyu bado amevaa nguo." Naye Mama Chebet, mwanamke mnene wa Subukia asiyemwogopa mtu, alijibu bila kuinua uso: "Vaa miwani, mzee, hizo ni nywele zako zilizokimbia." Mchinjaji alikuwa na upara. Wanawake walicheka, na yeye akanuna mpaka chai ya saa nne.

Nyama ya kuku hakula. Kwa miaka yote niliyomjua, chakula chake cha mchana kilikuwa maharagwe na chapati katika bakuli la bati. Nilipomuuliza kama ni dini au ni afya, aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Seremala anakula kitanda?" alisema.

Mimi sikuwa mtu wa dini yake, na hata ile niliyolelewa nayo landhini nilikuwa nimeanza kuivua. Chuoni tulikuwa tukibishana usiku na mchana, na kila tulichokigusa kilitoka mikononi mwetu bila ngozi. Kwa hiyo nilimsumbua. Nilitaka kujua kwa nini amtaje Mungu kwa kila kuku. Walikuwa zaidi ya mia kwa siku. Kwa nini asitamke mara moja asubuhi, maneno yakawatosha wote?

Aliweka kisu chini, akakifunika kwa kitambaa.

"Mama yako amezaa wangapi?"

"Saba."

"Alisikia uchungu mara ngapi?"

Sikushawishika. Nilijiambia kwamba hilo ni jibu zuri tu, na jibu zuri si lazima liwe la kweli. Bado nasema hivyo.

Sasa nieleze kamba. Wakati kampuni ilipokuwa bado ya settla, mkulima wa Kizungu aliyeianzisha, kuku walipelekwa sokoni mjini wakiwa wamekwisha kunyonyolewa. Wanawake wa mtaa wa Bondeni, ambao wengi ni Waislamu, waliwageuza na kuwabonyeza, kisha wakauliza ni nani aliyechinja. Settla, ambaye alikuja mwenyewe na lori siku hizo, aliwajibu kwa Kiswahili chake: "Mimi hapana jua jina. Mtu yangu nakata." Wanawake wakawaacha kuku mezani wakaenda zao. Mchinjaji, aliyekuwa amekaa juu ya lori, aliona. Kesho yake alichomoa nyuzi za katani kwenye gunia la mahindi, na kila kuku aliyemchinja akamfunga miguu kwa fundo lake mwenyewe, la mizunguko mitatu, lenye mkia mfupi uliobaki nje. Akaenda sokoni akawaonyesha. "Mimi siwezi kuwa hapa na kule," aliwaambia. "Huu ni mdomo wangu. Mkiuona, nimesema."

Basi ikawa hivyo. Watu hawakuitaja kampuni kwa jina lake. Walisema kuku wa fundo. Wenye hoteli ndogo za mjini waliwataka hao, na masanduku yaliyokwenda kwa treni Naivasha na Gilgil yalipokelewa kwa kamba ile ile. Hata mama yangu, ambaye kila Jumapili yuko kanisani kabla ya mchungaji, hakununua wengine. "Mtu anayehangaika hivyo na kamba," alisema, "hawezi kuacha uchafu ndani."

Na kulikuwa na jambo moja ambalo liliwahi kutokea mara mbili tatu. Mchinjaji akishikwa na homa, mtu mwingine alichinja, na siku hiyo kuku walitoka bila fundo wakapelekwa kwa Wazungu wa klabu. Settla alinung'unika lakini hakugusa katani. Sijui kama aliheshimu au aliona tu kwamba ni akili ya biashara. Vyovyote vile, mwongo yule wa dama na simba, kwa kamba ile hakuwahi kudanganya hata mara moja, na mji mzima ulilijua hilo.

Miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilimchosha settla. Wafanyakazi wake wengi walichukuliwa, wengine hawakurudi, na yeye akawa analala na bunduki na kuamka na kichwa kinachouma. Mwishowe akaiuza kampuni kwa watu wa ng'ambo waliokuwa na biashara ya kuku katika nchi nyingine, akaondoka. Walinunua mabanda, mashine za kuangulia, malori mawili, na, kwa walivyodhani, fundo.

Meneja mpya waliyemtuma alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kijitabu mfukoni. Hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, kwa hiyo likizo ile nikawa mdomo wake na masikio yake. Sitamsema vibaya bila haki. Alipiga mabanda chokaa. Alileta bomba la maji safi mpaka kwenye sehemu ya kunyonyoa, ambako wanawake walikuwa wakibeba ndoo. Aliwapa buti za mpira, na Mama Chebet alizivaa mpaka kanisani. Kisha akaleta mnyororo.

Mnyororo ulipita juu, ukiendeshwa na injini, na kulabu zake zilibeba kuku kichwa chini. Kuku walitokea upande mmoja, wakapita mbele ya mchinjaji, wakaelekea kwenye pipa la maji moto. Mchinjaji aliutazama siku nzima. Kesho yake akasimama mahali alipoambiwa.

Alijaribu juma zima. Nilimwona. Midomo ilikwenda, kisu kilikwenda, na bado mnyororo ulimshinda. Alipoona umemshinda hakuharakisha maneno. Alishusha mikono na kumwacha kuku apite. Siku ya tatu tulisikia ukelele kutoka kwenye pipa.

"Karani! Huyu ananiangalia!" Mama Chebet alikuwa ameshika kuku mzima, mwenye manyoya yake yote na hasira zake zote.

Meneja alisimamisha injini. "Mwambie amekosa mmoja," aliniambia kwa Kiingereza.

"Mzee, anasema umekosa mmoja."

"Sikukosa. Nilikuwa bado namsemea yule wa mbele. Huyu hakufikiwa."

Nikatafsiri. Meneja alifikiri kwa muda mrefu, kwa nia njema kabisa, kisha akauliza kama maneno yale hayangeweza kutiwa kwenye sahani ya santuri, gramafoni ikawekwa pale, ikawa inayasema mfululizo wakati mikono ya mzee inafanya kazi. Niliona haya kulitafsiri. Lakini nililitafsiri, kwa sababu, niseme ukweli, mimi pia nilitaka kusikia atajibu nini.

Mchinjaji hakukasirika. "Muulize," alisema, "gramafoni hiyo ikifa, itazikwa makaburi gani?"

Wanawake waliangua kicheko. Meneja alitabasamu akidhani mambo yanaelekea vizuri.

Hayakuelekea. Mwisho wa juma Meneja alikuja na mpango mwingine. Vijana wawili wangechinja kwenye mnyororo kwa haraka inayotakiwa. Mchinjaji angekaa mwisho wa mstari, kwenye kiti, mahali pasipo na damu wala moshi, akifunga mafundo tu. Kwa mtu wa umri wake, alisema Meneja, ilikuwa ni kupumzishwa kwa heshima.

"Niyafunge kwa kuku gani?"

"Kwa wote."

"Niliowachinja mimi ni wangapi katika hao?"

Sikuhitaji hata kumuuliza Meneja. "Hakuna, mzee."

"Basi mdomo wangu useme nisilolifanya." Alikifunga kisu chake kwenye kitambaa, akakiweka kapuni pamoja na bakuli la bati. "Mwambie nimemshukuru kwa kiti."

Akaenda nyumbani kwa miguu, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi.

Meneja aliniita ofisini. Aliuliza kama kuna mtu mwingine anayelijua fundo lile.

Nilisema, "Mimi."

Nimejaribu mara nyingi kulieleza neno hilo moja. Sikutishwa, wala sikuahidiwa kitu. Mchinjaji mwenyewe alikuwa amenifundisha likizo iliyopita, bila mimi kuomba, siku ya mvua ambayo lori lilichelewa. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, mimi mbele yake, na akafunga polepole mara nne tano ili nione. Sasa nilijiambia kwamba kamba ni kamba na kuku ni kuku. Nyama haikubadilika. Kama fundo lingefungwa na mtu mwingine na hata mmoja katika mji mzima asitambue, basi ingekuwa imethibitika kwamba hapakuwa na kitu ndani yake tangu mwanzo. Nilitaka kuthibitisha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilipenda sana kuthibitisha.

Niliwakusanya wanawake, nikachukua vijiti viwili badala ya miguu ya kuku, nikawaonyesha. Mama Chebet alijifunza haraka kuliko wote, na alikuwa wa kwanza kuiweka kamba chini.

"Karani, hii ni kazi ya mwenyewe."

"Ni kamba tu, mama."

"Kama ni kamba tu, mbona wanaitaka?"

Nikamwambia asichelewe. Akaiokota kamba akaanza kufunga, bila kunitazama tena siku hiyo.

Kwa siku tatu hakuna aliyesema kitu. Kuku walikwenda sokoni, walinunuliwa, walipikwa. Nilianza kujisikia mshindi. Siku ya nne Mchinjaji alikwenda sokoni na sanduku tupu la mafuta ya taa, akalikalia karibu na lango, akaagiza kahawa.

Hakupiga kelele. Hakuhutubia. Kama ni kutangaza, angeweza kutangaza msikitini na jambo likaisha kwa siku moja, lakini alisema yeye si kadhi na hana kesi na mtu. Alikaa tu. Waliotoka sokoni walimwamkia, na kwa kuwa walikuwa na kuku kikapuni, walimwonyesha kwa furaha, kama mtu anavyomwonyesha fundi cherehani shati lililoshonwa naye.

"Mzee, huyu wako amenona kweli."

Naye alimwangalia kuku. "Huyu simjui."

"Humjui vipi? Si huyu hapa ana fundo?"

"Mlaze chali, miguu ikuelekee. Mkia wa kamba yangu unalala kulia. Huu umelala kushoto. Simjui."

Na akanywa kahawa yake. Akaulizwa na mwingine, akajibu hivyo hivyo. Alifika kila asubuhi soko linapofunguliwa, akaondoka adhuhuri, siku baada ya siku. Vumbi jeupe la ziwani lilipovuma alijifunika kilemba usoni akaendelea kukaa. Muuzaji wa kampuni alipoona wateja wanarudisha kuku, aliita askari. Zilikuwa siku ambazo mtu angeweza kukamatwa kwa kusimama vibaya, na wengi tulidhani basi, mzee amekwisha.

Askari aliangalia kipande chake, kitambulisho cha siku hizo, akakikuta sawasawa. "Huyu amefanya nini?" akamuuliza muuzaji.

"Ameketi hapo."

"Ameketi. Halafu?"

"Watu wanamuuliza, anajibu."

Askari akafikiri. Kisha akainua mfuko wake mwenyewe. "Mzee, na huyu wangu niliyemnunua jana kwa huyu bwana?"

Mchinjaji alimtazama kuku. "Pole, afande. Simjui."

Nasikia maneno ambayo askari alimwambia muuzaji yalifika mpaka stesheni.

Nilikwenda kujionea Jumamosi. Nilimkuta mama mmoja wa Bondeni amemlaza kuku wake juu ya sanduku, na Mchinjaji anamwonyesha kwa kidole. Nikauona ule mkia, na pale pale nikaelewa. Nilikuwa nimejifunza nikiwa nimekaa mbele yake. Kilichokuwa kulia kwake kilikuwa kushoto kwangu, na nilikifunga kama nilivyokiona. Mimi niliyesoma jiometri. Kila kuku aliyetoka kwenye mnyororo alikuwa ametoka na kosa langu limemning'inia mguuni.

Mchinjaji aliinua macho. "Kwa Nini! Habari ya chuo?"

"Nzuri, mzee."

"Haya." Akarudi kwa yule mama.

Nilirudi kazini. Jumatatu Meneja alikuwa amekwisha kuzipata habari za kulia na kushoto. Aliniambia nirekebishe. Ilikuwa kazi ya dakika tano, kuzungusha vijiti tu. Nikafikiria yule mama na kuku wake juu ya sanduku. Kama ningerekebisha, siku inayofuata Mchinjaji angemlaza kuku, angeukuta mkia uko kulia, na asingekuwa na la kusema. Mdomo wake ungekuwa umehamia kwetu wote, na yeye angebaki bubu pale langoni na kikombe chake.

"Sijui kosa liko wapi," nilimwambia Meneja.

Aliniangalia kidogo, akaandika kitu kijitabuni. Sidhani kama aliniamini. Likizo ile ilikuwa imebakiza wiki mbili, naye hakunipa tena kazi ya maana isipokuwa kutafsiri, kwa sababu hapo hakuwa na mwingine.

Malori yalianza kurudi na mizigo. Masanduku ya Naivasha yalirudishwa kwa treni ile ile iliyoyapeleka. Wenye hoteli walinunua kuku wazima kwa wakulima wa Mau Narok wakawapeleka kwa Mchinjaji, nyumbani kwake, awachinje mbele yao. Kwenye kampuni kuku walizidi mabandani, chakula chao kikapungua, na Mama Chebet akaanza kuniuliza kama wanawake watarudishwa makwao. Nikazitazama buti zake. Alikuwa bado anazisafisha kila jioni.

Siku mbili kabla sijarudi Kampala, Meneja alivaa koti akasema twende Bondeni. Lazima nikiri kwamba ilihitaji moyo. Mchinjaji alitukaribisha barazani, mkewe akaleta kahawa na kaimati, tukala kwa muda unaostahili.

"Mwambie," alisema Meneja, "nimekuja kuuliza anataka nini."

Mchinjaji alikuwa amelingoja swali hilo, maana alijibu bila kuvuta pumzi. Mnyororo uende kwa mwendo wa maneno, wala maneno yasiende kwa mwendo wa mnyororo. Akiinua mkono, injini isimame, na mtu asimwulize sababu. Apewe watu wawili atakaowachagua mwenyewe msikitini, awafundishe mpaka aridhike, na wasiguse katani hata uzi mmoja kabla ya hapo. Na wale wanawake wasilaumiwe.

"Kwa mafundo ya kushoto?" niliuliza.

"Kwa yoyote," alisema bila kunitazama.

Meneja alisikiliza tafsiri, akahesabu kitu kichwani, akauliza atajuaje kwamba mzee hatasimamisha injini kutwa nzima.

"Atajuaje?" Mchinjaji alirudia. "Hatajua. Mimi nitajua."

Nilimtafsiria neno kwa neno. Meneja akanywa kahawa yake iliyokwisha poa, kisha akampa mkono. Walipokuwa bado wameshikana, Mchinjaji akaniambia, "Mwambie na gramafoni ailete, tutapigia taarabu wakati wa chai." Hiyo nayo nikatafsiri.

Kwa hiyo kampuni haikufa. Wapo wanaosema ilikua kwa sababu ya mtaji wa ng'ambo, na wanaosema ilikua kwa sababu ya dua. Mimi naona ilikua kwa sababu mnyororo ulipunguzwa mwendo na watu wakajua ni nani aliyeupunguza. Barua za Mama Chebet, alizoandikiwa na bintiye, ziliniambia mabanda mapya yamejengwa na kwamba wale wawili wa msikitini walikaa miezi mingi wakichinja bila kufunga, wakimwangalia mzee kama mbwa wanavyoangalia mlango wa jiko.

Nilimaliza masomo, nikarudi Nakuru. Nilipokwenda kuwasalimu pale kampuni sikumkuta. Mama Chebet alinieleza. Asubuhi moja, miezi michache nyuma, kisu cha Mchinjaji kilipita kwenye shingo ya kuku na hakikumaliza. Akakivuta mara ya pili. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye Mama Chebet, na hata yeye asingejua kama ni jambo kubwa. Mzee aliinua mkono, injini ikasimama. Yule kuku hakumfunga. Aliosha kisu, akampa mkubwa wa wale wawili pamoja na bunda la katani, akaondoka kabla ya chai. Meneja alituma gari mara mbili kumrudisha.

"Alimwambia dereva nini?"

"Alisema mkono umeanza kusema uwongo," alijibu Mama Chebet. "Halafu akamdanganya dereva kwamba ana safari ya Mombasa."

Nilikwenda Bondeni alasiri hiyo. Alikuwa amekaa barazani, mlima wa Menengai uko juu ya mapaa nyuma yake, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka mapajani kama vitu visivyo vyake. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Tukaongea. Alitaka kujua kama nimepata kazi, kama bado simwamini Mungu, kama nimeoa. Nikamjibu bado, bado, bado. Simba wa Longonot walikuwa wamefika watatu. Nilicheza naye dama, akaniibia kete mbili kwa kidole kile kile, polepole mno kiasi kwamba ilinibidi nitazame treni kwa muda mrefu.

Kisha nikasema. "Mzee, kuna jambo sijakwambia. Yale mafundo ya mnyororo. Yale ya..."

"Ya kushoto."

"Ndiyo. Aliyewafundisha wale wanawake..."

"Nilijua siku ya kwanza." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Wengine wote walikuwa wakikaa kando yangu, waikwepe damu. Ni wewe tu uliyekuwa unakaa mbele, upate kunihoji vizuri."

Nilikumbuka pale sokoni, sanduku la mafuta ya taa, habari ya chuo. "Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza."

Aliinama kwa shida, akatoa chini ya mkeka wake nyuzi chache za katani, za manjano, zilizozeeka. Kando yake, kwenye jiko la mkewe, palikuwa na vijiti vya kuwashia moto. Akaokota viwili akanipa.

"Inuka hapo," alisema. "Kaa huku."

Nikahamisha kigoda nikakaa kando yake, bega kwa bega, sote tukitazama barabara. Fundo la kwanza lilifunguka lenyewe. La pili alilitazama akaguna, nikalifungua. La tatu nilizungusha mara tatu kama alivyokuwa akizungusha siku ile ya mvua, nikavuta, nikamwekea kiganjani. Alilipapasa kwa kidole gumba mpaka akaufikia mkia, akaufuata, akaukuta umelala kulia.

"Huyu," alisema Mchinjaji, "namjua."